Barua ya wazi kwa wenye kushika saa zetu

Kwa wakuu wa elimu ya watu wazima Mombasa, kwa wakuu wa afya wa Kaunti, na kwa mameneja wa viwanda vya nguo vya Changamwe, Jomvu na Mikindani.

Waheshimiwa,

Nimeandika barua hii kwa usiku sita, kipande kipande, watoto wakishalala. Nina miaka 38. Nakaa Likoni, nafanya kazi katika kiwanda cha nguo Changamwe, na jioni nasoma masomo ya sekondari katika kituo cha watu wazima kisiwani. Mtaani hutuita ngumbaru, na jina hilo sijaliona aibu hata siku moja.

Nawaandikia nyote kwenye karatasi moja kwa makusudi. Meneja ndiye anayejua nitatoka kazini saa ngapi. Mkuu wa elimu ndiye aliyepanga darasa lianze saa ngapi. Mkuu wa afya ndiye anayeamua kliniki ifunguliwe saa ngapi na ifungwe saa ngapi. Siku yangu mmegawana nyinyi watatu, na kila mmoja amechukua fungu lake bila kumuuliza mwenzake. Kinachobaki ndicho ninachopikia, ninachofulia na ninacholalia.

Niwaeleze siku yenyewe. Naamka saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, niwatengenezee watoto chai. Saa kumi na moja niko kwenye umati wa feri. Tukivuka napanda matatu ya Changamwe, na saa moja kasorobo nimeshakaa mbele ya cherehani. Kazi yangu ni mifuko ya nyuma ya suruali, kulia na kushoto, kutwa nzima, kwa hesabu iliyoandikwa ubaoni ya mifuko mingapi kwa saa. Kazi rasmi inaisha saa kumi na moja jioni. Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu. Anayeijua barabara ya kutoka Changamwe kupita Kibarani hadi Makupa saa hizo za jioni hahitaji kuelezwa kama nusu saa inatosha. Kwa hiyo kila siku ya darasa naingia mwalimu ameshafuta nusu ya ubao. Nakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, maana jengo ni la shule ya msingi na tunaazima tu, na naanza kunakili hesabu ambayo mwanzo wake sikuuona. Saa mbili tunatoka. Feri tena, tuktuk, na nyumbani ni saa nne kasoro. Sare za watoto hazijafuliwa.

Hiyo ni siku isiyo na ovataimu. Rosta ya ovataimu hubandikwa jioni kwa ajili ya kesho yake. Ukikuta jina lako, unabaki hadi saa moja au saa mbili usiku, na darasa limekwenda. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa anayeiandika rosta, jina langu ni mstari mmoja katika mistari mia. Kwangu mstari huo ndio somo zima la milinganyo, na wiki inayofuata mwalimu hawezi kulirudia kwa ajili ya mtu mmoja.

Niliacha shule kidato cha pili, mwaka 2003, baba alipokosa kibarua bandarini. Mwaka huohuo ndipo shule za msingi zilipofanywa bure. Masomo ya sekondari ya kutwa yalifuata 2008, na mwaka huo mimi nilikuwa nimeshaolewa na namnyonyesha binti yangu wa kwanza. Sikulaumu mtu kwa hilo na silaumu sasa. Binti huyo leo yuko kidato cha nne. Novemba hii, Mungu akipenda, mama na mwana tutafanya KCSE moja, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, karatasi zilezile, saa zilezile, yeye kwenye shule yake na mimi kama mtahiniwa binafsi.

Kwa kuwa naye tunasoma meza moja, nimeona tofauti ambayo nisingeiona peke yangu. Shuleni kwao kuna mwalimu wa ushauri nasaha. Mwaka jana mtoto alipokuwa halali kwa hofu ya mitihani, mwalimu huyo alimwona, akamwita, akazungumza naye mara tatu, akanipigia simu. Kituoni kwetu tuko watu wenye waume, wajane, walinzi wa usiku, mamapima, yaani wauza pombe haramu, waliojirekebisha, kijana mmoja aliyemzika mkewe mwezi wa pili na mwezi wa tatu akarudi darasani, na hakuna hata mtu mmoja aliyeajiriwa kutuuliza: mnalala? Mtoto anayesoma tu amewekewa mtu wa kumsikiliza. Mtu mzima anayesoma, anayefanya kazi na anayelea, hakuwekewa.

Nikisema haya huambiwa mshika mawili moja humponyoka. Nimeambiwa na shangazi, nimeambiwa na msimamizi wangu, nimeambiwa hata na mama wa kamati ya kituo. Methali naielewa. Lakini naomba kuuliza ni lipi katika haya niliachilie. Mshahara ndio unga. Watoto ni watoto. Masomo ndiyo njia pekee ninayoiona ya kutoka kwenye mifuko ya nyuma ya suruali kabla macho yangu hayajachoka. Na akili yangu, hiyo niliiachilia kweli mwaka 2024, bila kujua, na hayo yote mengine yakaporomoka nayo.

Nitaeleza, kwa sababu najua wako wengi wanaopita hapo na wanadhani wako peke yao.

Mwanzoni nilikosa usingizi. Nikilala saa tano, saa nane macho yako wazi, moyo unapiga kama nimesikia mlango ukivunjwa. Kisha maneno yakaanza kunikimbia. Mwalimu wa Kiswahili alitupa ufahamu wa ukurasa mmoja, nikausoma mara nne, na nilipofika chini sikukumbuka wa juu. Mimi, niliyekuwa nikishinda insha kidato cha kwanza! Kazini nilishona mifuko thelathini ya kushoto upande wa kulia. Ilibidi kufumuliwa yote, na dada wa mashine ya jirani alibaki kunisaidia bila malipo. Nililia chooni, nikatoka, nikaosha uso. Kesho yake nikalia tena, na safari hii sikujua nalilia nini.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, kwenye feri, nilijikuta nikiyatazama maji kwa namna iliyoniogopesha. Nilirudi nyuma kutoka ukingoni na kumshika mkono mama mmoja nisiyemjua, amebeba beseni la samaki. Hakuniuliza neno. Alisema tu, "Kaa hapa na mimi, mwanangu," tukakaa hadi feri ikagonga ng'ambo. Sijamwona tena. Kama anayasoma haya, namshukuru.

Sikumwambia mtu kwa wiki nzima. Wakati ule kujaribu kujiua kulikuwa bado kosa la jinai nchini mwetu, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, na sisi watu wa chini tunaijua sheria kwa upande wa kukamatwa kuliko upande wa kulindwa. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilizima jiko nikakaa chini. Nawaomba wakuu wa afya mliseme jambo hili kwa sauti, kwa Kiswahili, kwenye zahanati na vivukoni, kwa kuwa wapo ambao hadi leo wananyamaza kwa kuogopa polisi.

Nyumbani walisema nimeingiliwa. Nikapelekwa kusomewa dua, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Silidharau hilo, nilipata utulivu wa moyo pale. Na shehe mwenyewe, Mungu amzidishie umri, ndiye aliyemwambia mama yangu, "Huyu mpelekeni na hospitali pia." Naitaja kwa sababu kila kikao cha afya ya akili ninachokisikia huwalaumu watu wa dini na waganga peke yao. Kwangu mimi mlango wa kwanza uliofunguka ulikuwa wa msikiti, na ulikuwa wazi baada ya magharibi.

Mlango wa kliniki haukuwa wazi baada ya magharibi. Daktari alinipima vizuri, alinisikiliza, aliniambia ugonjwa wangu una jina, sonona, na kwamba unatibika. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Akanipa dawa na akanipangia kumwona mshauri kila baada ya wiki mbili, Jumatano saa tatu asubuhi.

Hapa ndipo naomba tukae na kalamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Kumwona mshauri kila wiki mbili kwa miezi sita ni siku 13. Yaani matibabu ya nusu mwaka yanamaliza siku zangu za ugonjwa za mwaka mzima isipokuwa moja, na karibu nusu ya siku hizo nimekatwa mshahara, na bado sijapata malaria. Likizo ya mwaka kwa sheria hiyohiyo si chini ya siku 21 za kazi. KCSE hufanywa mchana, siku za kazi, na karatasi zangu zimetawanyika kwa wiki kadhaa. Likizo ya masomo kwa mfanyakazi wa kawaida haimo katika sheria hiyo. Basi siku zangu 21 ndizo za mtihani, siku 14 ndizo za kliniki, na mtoto akiugua natafuta uongo wa kusema. Nimelelewa nisiseme uongo, na huo nao ni mzigo.

Nilikwenda mara nne tu. Nilipopeleka karatasi ya daktari kazini, ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, jina la kliniki na yote, na tangu siku ile kuna walioacha kunipa mkasi mkononi. Jambo hilo limenipita, lakini mameneja wajue kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Karatasi ya hospitali si tangazo. Baada ya hapo niliacha kliniki, nikaacha dawa, na mwezi wa tisa nikaacha shule. Nilipokosa madarasa matatu mfululizo jina langu lilipigwa mstari kwenye daftari la mahudhurio. Ada ya mtihani niliyokwisha kuilipa ilipotea. Hakuna aliyenikosea kwa chuki. Kila mmoja alifuata utaratibu wake.

Nilirudi 2025 kwa sababu mwalimu wetu mmoja alinifuata hadi Likoni siku ya Jumapili, kwa nauli yake. Mwalimu huyo hulipwa kwa muda tu, na malipo yenyewe huchelewa. Mambo yanayotufanya tuendelee, waheshimiwa, mengi yanatoka kwenye mifuko ya watu wasio nacho.

Kila wakitutia moyo viongozi humtaja mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Namheshimu mzee yule, Mungu amrehemu. Ila mfano wake umetumika kutuambia kwamba kinachohitajika ni moyo. Moyo tunao. Mtu anayevuka feri saa nne usiku na kitabu cha hesabu kwenye mfuko wa plastiki ili kisilowe, huyo hahitaji kuhamasishwa.

Sasa ombi langu. Najua kwa nini hamjakaa meza moja. Elimu ya watu wazima iko chini ya serikali kuu. Zahanati na hospitali za kaunti ziko chini ya Kaunti. Viwanda ni vya watu binafsi, na mambo ya kazi yana wizara yake. Mwananchi akiingia ofisi moja anaelekezwa nyingine. Lakini Katiba iliyotupa mgawanyo huo mwaka 2010 ndiyo iliyoweka haki ya afya na haki ya elimu ndani ya kifungu kimoja, cha 43. Walioandika waliona kwamba mwenye kudai haki hizo mbili ni mtu yuleyule mmoja.

Kwa mameneja: tupeni rosta wiki mbili mbele. Hicho tu kingebadilisha maisha yetu kuliko nyongeza ya shilingi. Mfanyakazi akileta barua ya kituo, jioni zake mbili za darasa zisiwekewe ovataimu, na akitakiwa azifidie Jumamosi, atazifidia. Nimezungumza na wenzangu kumi na moja wanaosoma, na wote wamekubali. Na siku za mtihani zisitoke kwenye likizo ya mwaka. Mkiniuliza mtafaidi nini, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2022 kwamba duniani hupotea siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Mifuko yangu thelathini ya upande usio wake imo humo.

Kwa wakuu wa elimu: darasa la saa kumi na moja na nusu lilipangwa kwa ajili ya watumishi wa ofisini. Sisi wa viwandani, wa hoteli na wa bandari tunatoka saa nyingine na kwa zamu. Somo moja lifundishwe mara mbili kwa wiki, asubuhi moja na usiku mmoja, ili wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku wapishane bila kupoteza. Na muweke ruhusa ya kupumzika. Mwanafunzi akiugua, akifiwa, akijifungua, aandike barua, jina lake liwekwe kando kwa muhula mmoja bila kufutwa, na akirudi aanzie alipoishia. Mimi nilirudi kwa sababu nilifuatwa. Niliowaacha kwenye daftari lile la 2024 hawakufuatwa, na wengine nawaona wakiuza viazi karai kivukoni, wananikwepa macho.

Kuna jambo la kalenda ambalo halisubiri. Kidato cha kwanza cha mwisho cha 8-4-4, mfumo wa zamani tunaousoma sisi, kiliingia shuleni 2024, na watamaliza 2027. Watoto wataendelea na mtaala wao mpya. Mtu mzima anayesoma kwa jioni mbili kwa wiki hamalizi kwa kasi ya mtoto wa bweni. Dada tunayekaa naye dawati moja ameanza kidato cha kwanza mwaka jana, ana miaka 44, na kila wiki ananiuliza: nikichelewa itakuwaje? Andikeni jibu kamili, kwa Kiswahili, mlibandike kwenye mlango wa kila kituo. Hofu hiyo pekee inawakosesha watu usingizi, na kuiondoa ni kazi ya karatasi moja.

Kwa wakuu wa afya: sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 ilizipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyake. Tunaomba jioni moja tu kwa wiki, au Jumamosi, katika zahanati moja kisiwani na moja upande wa bara, mshauri akae hadi saa mbili usiku. Na mara moja kwa mwezi aje kituoni kwetu. Asije kuhutubia. Akae kwenye chumba cha mwisho, mlango urudishwe, aingie anayetaka. Nimewauliza wenzangu kama wangeingia. Wanaume walicheka kwanza, kisha wawili wakanifuata nje kuniuliza kama kweli atakuja.

Mimi mwenyewe nimerudi kwenye dawa. Dada wa mashine ya jirani hunishikia zamu Jumatano moja kwa mwezi, nami namshonea sare za wanawe. Nalala saa tano, wakati mwingine saa sita. Hesabu bado inanipiga, lakini ufahamu nausoma mara moja na naushika.

Sitaji jina langu kwa ajili ya kibarua. Mwalimu ananijua. Darasa letu hukutana Jumanne na Alhamisi. Njooni nyote watatu siku moja, bila waandishi wa habari, saa kumi na moja na nusu kamili, mtuone tunavyoingia mmoja mmoja. Mimi nitafika kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Dawati la tatu, upande wa dirisha.

Wenu katika kuomba,
Mwanafunzi wa kidato cha nne, mshonaji, Likoni